Mnyama Ana Sheria, Makao Yake Hayana: Ulinzi wa Wanyamapori na Ukuaji wa Miji ya Thika na Ruiru

UTANGULIZI

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, akapita Kahawa, Ruiru na Juja hadi Thika mjini, huona pande zote mbili maghorofa ya kupangisha, viwanda, maduka makubwa na mabango yanayotangaza ploti. Ni vigumu kwake kuamini kwamba karne moja tu iliyopita nyika hiyo hiyo ilikuwa malisho ya nyumbu, kongoni na pundamilia. Hata hivyo, wanyama hawakutoweka wote. Fisi wangali wanasikika usiku katika viunga vya Juja, viboko wangalimo katika Mto Athi karibu na Maporomoko Kumi na Manne, na mbogo wangali wanaishi katika mlima wa Kilimambogo. Wanyama hao wote wanalindwa na sheria za Kenya. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: sheria hizo zinalinda nini hasa?

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi sheria za kulinda wanyamapori zinavyofanya kazi, na jinsi zinavyokwama, mahali ambapo mji unapanuka kwa kasi. Hoja kuu ni kwamba sheria imeweka mkazo kwenye mwili wa mnyama, yaani asiuawe, asiuzwe wala asiliwe, lakini mahali anapoishi mnyama huyo pameachwa mikononi mwa sheria nyingine, zinazotekelezwa na ofisi nyingine kwa malengo mengine. Katika sehemu zenye watu wachache pengo hilo halidhihiriki upesi. Thika na Ruiru linadhihirika, na hasara yake humfika binadamu kama inavyomfika mnyama.

JINA NA MAANA YAKE

Inafaa kuanza na istilahi yenyewe. Neno "mnyamapori" ni nomino ambatani iliyoundwa kwa "mnyama" na "pori". Mnyama wa kufugwa hutambulishwa kwa mwenyewe: ng'ombe wa fulani, mbuzi wa fulani. Mnyamapori hutambulishwa kwa mahali. Kwa hiyo pori linapogeuzwa kuwa mtaa, jina lake hupoteza nusu ya maana yake: mnyama angalipo, pori halipo. Ndipo magazeti na redio zinapomwita mnyama "mvamizi" au "aliyepotea njia", ilhali yeye amelala pale pale walipolala wazazi wake, na kilichohama ni mpaka wa mji.

Majina ya mahali nayo yanahifadhi kumbukumbu hiyo. Mlima uitwao Ol Donyo Sabuk kwa Kimaasai, yaani mlima mkubwa, huitwa na wengi Kilimambogo, kilima cha mbogo. Mji mdogo ulio chini yake umechukua jina hilo hilo. Anayesema "naenda Kilimambogo" hutaja mnyama bila kukusudia.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inatoa maana pana kuliko ile ya mazungumzo ya kila siku. Kwa mujibu wake, kinacholindwa ni kila mnyama wa mwituni wa asili ya nchi, mmea, hata kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, akiwa katika makao yake ya asili, nchi kavu au majini. Upana wa maana hiyo ulidhihirika Mei 2025, mahakama iliyo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilipowahukumu watu wanne kulipa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kufungwa miezi 12, kwa makosa yaliyohusu maelfu ya malkia wa sisimizi waliokusudiwa kusafirishwa nje ya nchi.

Kesi hiyo inafunza mambo mawili. Kwanza, sheria ya Kenya humtambua hata sisimizi. Pili, humtambua pale anapotiwa ndani ya kichupa. Tingatinga likipita juu ya makao ya sisimizi hao hao ili kusawazisha kiwanja, nalo lina kibali halali cha ujenzi, hapana kosa lililotendwa na hapana wa kushtakiwa. Tofauti hiyo kati ya kumchukua mnyama na kumwondolea makao ndiyo kiini cha mjadala huu.

HISTORIA FUPI YA SHERIA: BUNDUKI NA MPAKA

Sheria za awali za kikoloni hazikutungwa kwa ajili ya kuhifadhi makao ya wanyama, bali kwa ajili ya kuamua nani awinde. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Afrika Mashariki kuwinda. Miongoni mwa mahali alipowinda ni shamba la Juja, lililomilikiwa na William Northrup McMillan, na mabwawa ya matete kando ya Mto Kamiti, si mbali na Ruiru ya leo. Juja aliwinda viboko na chui. Kamiti aliwinda mbogo. Alifanya hivyo akiwa na leseni, na kwa hiyo akaitwa mwindaji. Mwafrika aliyewinda katika nyika hizo kwa upinde au mtego, kama walivyofanya babu zake, aliitwa jangili. Ikumbukwe basi kwamba chuki ambayo jamii nyingi zilikuwa nayo kuhusu sheria za wanyamapori haikutokana na kuwachukia wanyama. Ilitokana na sheria iliyomnyang'anya mwenyeji kitoweo na kumkabidhi mgeni ushindi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, fikra za hifadhi zilishika nguvu. Sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka 1945, na Mbuga ya Nairobi ikatangazwa mwaka 1946. Mlima wa Ol Donyo Sabuk, ulio takriban kilomita 25 kutoka Thika, ulitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1967. Eneo lake ni dogo, takriban kilomita 20 za mraba. McMillan, aliyefariki mwaka 1925, amezikwa huko huko mlimani.

Mwaka 1976 ilitungwa sheria mpya iliyounganisha usimamizi wa mbuga na ule wa wanyama walio nje ya mbuga. Mwaka 1977 uwindaji wa kujiburudisha ulipigwa marufuku, na mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vitokanavyo na wanyamapori ikakomeshwa. Marekebisho ya mwaka 1989 yalileta Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lililoanza kazi mwaka 1990. Hatimaye sheria ya 2013 ikaja na adhabu kali zaidi, fidia kubwa zaidi, na kamati za kaunti.

Ukichunguza mfululizo huo utaona mihimili miwili: bunduki na mpaka. Sheria ilishughulika na nani asishike bunduki, na mbuga iishie wapi. Mihimili hiyo imeleta mafanikio yasiyopingika. Ndovu wa Kenya, waliokuwa wamepungua hadi takriban 16,000 mwaka 1989 kwa sababu ya ujangili, walihesabiwa kuwa 36,280 katika sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021.

Lakini upande wa pili wa sarafu unasikitisha. Utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Joseph Ogutu na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika nyanda za malisho za Kenya wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya mwaka 1977 na 2016. Mwaka wa kuanzia hesabu hiyo ndio mwaka ambao uwindaji ulipigwa marufuku. Maana yake ni kwamba bunduki ya mwindaji ilinyamazishwa, na bado wanyama wakaendelea kupungua. Ujangili wa kuwinda kitoweo ulichangia, ukame ulichangia. Hali kadhalika ulichangia uzio, shamba, barabara na nyumba. Hayo ya mwisho hayakuwa makosa ya jinai. Yalikuwa maendeleo.

MJI ULIVYOFIKA

Thika ilikua kwa reli, iliyofika huko mwaka 1913, kisha kwa viwanda, katani, kahawa na mananasi. Ruiru ilibaki kwa miaka mingi kuwa mji mdogo uliozungukwa na mashamba makubwa ya kahawa. Mashamba hayo hayakuwa pori, lakini yalikuwa na vichaka kando ya mito, mabwawa ya kunyunyizia maji, na usiku mtulivu. Mnyama mwenye haya aliweza kupita.

Ujenzi wa barabara kuu ya Thika ulianza mwaka 2009, na barabara ikafunguliwa rasmi Novemba 2012. Safari iliyochukua muda mrefu kwenye msongamano ikafupika sana, na ardhi ya kandokando yake ikapanda bei. Mradi wa Tatu City, uliozinduliwa mwaka 2010, ulianza kugeuza maelfu ya ekari za kahawa za Ruiru kuwa mji mpya. Takwimu za sensa zinaeleza yaliyofuata. Mji wa Ruiru ulikuwa na takriban watu 239,000 mwaka 2009. Kufikia mwaka 2019 walikuwa 490,120, wingi ulioufanya kuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Kenya. Thika nayo iliongezeka kutoka takriban watu 137,000 hadi 251,407 katika muda huo huo.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Ruiru imeipindua methali hiyo: wajenzi wamefika kwa maelfu, na miti ndiyo isiyoonekana.

Yafaa kusisitiza kwamba upanuzi huo haukuletwa na miradi mikubwa peke yake. Sehemu kubwa ya nyika ya Juja, Ruiru na mashariki mwa Thika imegawanywa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, kila moja ikiwa karibu thumuni ya ekari. Mwalimu, mfanyabiashara wa sokoni au mwanachama wa chama cha ushirika hununua yake, huizungushia nyaya au ukuta, kisha husubiri fedha za kujenga. Ukuta hutangulia nyumba. Kwa mnyama, ukuta unatosha.

FISI WA JUJA NA MAWE YA NDARUGO

Hakuna mfano unaoonyesha uhusiano wa mji na mnyama vizuri kuliko fisi. Katika miaka ya 2020 wakazi wa Juja Farm na wa vitongoji vya mashariki mwa Thika wamelalamika mara kwa mara kuhusu mashambulizi ya fisi dhidi ya mifugo na watu, na KWS imelazimika kupeleka askari na kutega mitego. Hali kama hiyo imeshuhudiwa pia upande wa pili wa jiji. Februari 2024, mjini Rongai, fisi walimshambulia na kumuua mtu, na wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani na Mbuga ya Nairobi wakaandamana wakidai usalama.

Mtazamo wa haraka ni kwamba fisi wameuvamia mji. Ukweli una pande zaidi. Fisi madoa ni mnyama awezaye kusafiri mwendo mrefu usiku, akila mizoga na kuwinda pia. Swala na pundamilia waliokuwa riziki yake wanapotoweka, hageuki kuwa mla majani. Hutafuta mbuzi, mbwa na taka. Na mji humpa vitu hivyo vyote. Majaa ya taka, machinjio na mizoga iliyotupwa vichakani ni karamu kwa mnyama mwenye tumbo lisilochagua.

Isitoshe, mji humpa hata malazi. Mafundi wengi wa Nairobi na Kiambu hujenga kwa mawe yachongwayo katika machimbo ya Ndarugo, Juja, mawe ambayo sifa yake imeenea kote nchini. Kila ghorofa linaloinuka Ruiru lina shimo lake mahali fulani. Fisi ni mnyama apendaye mashimo na mapango kwa kulala na kulea watoto, na shimo la machimbo lililoachwa bila kufukiwa, likaota vichaka, linamfaa sana. Kwa njia hiyo mji unaomkataa fisi kwa mkono mmoja unamjengea pango kwa mkono wa pili. Wanaodhurika zaidi ni wale wasio na ukuta: mchonga mawe anayetembea alfajiri kwenda kazini, mama anayetoka sokoni magharibi, na mtoto anayekatiza kichaka kwenda shule.

Sheria inasema nini hapo? Sheria ya 2013 inamtambua "mnyama msumbufu", yaani yule aliyeleta au anayeleta madhara kwa watu au mali, na kazi ya kumdhibiti ni ya KWS. Lakini machimbo, taka na ugawaji wa ploti si kazi ya KWS. Askari wa wanyamapori huitwa mwisho, wakati mengine yote yamekwisha kuamuliwa na watu ambao hawakuulizwa habari ya fisi.

VIBOKO NA UKINGO WA MTO

Mfano wa pili ni kiboko wa Mto Athi. Mito ya Ruiru na Ndarugu humimina maji yake katika mkondo wa Athi, na Mto Nairobi huingia humo kabla ya Maporomoko Kumi na Manne, ukiwa umebeba taka za jiji zima. Kiboko hushinda majini mchana kutwa, na usiku hutoka kula nyasi, takriban kilo 40 kwa usiku mmoja. Maji peke yake hayamtoshi. Anahitaji pia ukanda wa nchi kavu wenye majani, na njia ya kuufikia.

Ukanda huo una sheria yake. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotokana na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, zilikataza ujenzi kandokando ya mto kwa umbali wa mita 6 hadi 30 kila upande, zikipimwa kutoka mahali pa juu kabisa palipowahi kufikiwa na mafuriko. Kwa bahati mbaya sheria nyingine za ardhi na kilimo zimewahi kutaja vipimo tofauti, na kila mwenye ploti ya ukingoni huchagua kipimo kinachompendeza.

Ikumbukwe pia kwamba kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya maji. Kama zingetekelezwa kikamilifu, zingemfaidi kiboko, ndege na nyani kwa pamoja, kwa kuwa ukingo wa mto ndio njia iliyobaki ya mnyama kupita katikati ya makazi ya watu. Ukingo unapolimwa hadi majini, kiboko hukutana na sukumawiki badala ya nyasi, na mkulima hukutana na kiboko gizani.

OFISI MBILI, ARDHI MOJA

Baada ya mifano hiyo, chanzo cha pengo kinaweza kuelezwa waziwazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inagawa kazi kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Ulinzi wa wanyama na wanyamapori umewekwa chini ya serikali ya taifa. Mipango na maendeleo ya kaunti, upimaji wa ardhi, mipaka na uzio, pamoja na nyumba, vimewekwa chini ya kaunti. Kwa maneno mengine, mnyama ni wa taifa, na uzio unaomzuia ni wa kaunti.

Mgawanyo huo una sababu zake na haupaswi kulaumiwa wote. Ungekuwa na madhara machache kama ofisi hizo zingekutana kabla ya ardhi kugawanywa. Kwa kawaida hukutana baada ya msiba. Mwenye shamba anayetaka kuligawa huomba ridhaa ya bodi ya ardhi na idhini ya kaunti. Hukaguliwa ramani, barabara za kuingilia na ada. Swali la "ni mnyama gani apitaye hapa?" si desturi kuulizwa.

Tathmini ya athari kwa mazingira ingeweza kuwa daraja. Kanuni zake za mwaka 2003 zinataka mradi uchunguzwe athari zake kwa idadi na aina za wanyama na mimea, na mahali pao pa kuzaliana. Ila tathmini huangalia mradi mmoja mmoja. Nyumba moja kwenye thumuni ya ekari haina athari ya kutajika, na anayesema hivyo hasemi uongo. Ya pili vilevile, na ya mia tano vilevile. Ukijumlisha "hakuna athari" mara mia tano unapata bonde lililofungika. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimejaa kuta.

FIDIA NA MASHARTI YAKE

Mahali ambapo sheria imemkumbuka binadamu ni katika fidia. Sheria ya 2013 inatoa shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama aliyeorodheshwa, milioni tatu kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni mbili kwa majeraha mengine, kulingana na uzito wake. Fisi, kiboko, mamba, chui na mbogo wamo katika orodha. Madai hupelekwa kwa kamati ya wanyamapori ya kaunti, ambayo huyachunguza na kutoa pendekezo.

Fidia hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza inajulikana kote: malipo yamekuwa yakichelewa, katika kaunti nyingi kwa miaka, na familia iliyompoteza mtafutaji riziki haiwezi kula ahadi. Ya pili haijulikani sana. Kwa upande wa mazao na mifugo, sheria inasema fidia haitalipwa ikiwa mwenye mali hakuchukua hatua za kutosha kuilinda, au ikiwa matumizi yake ya ardhi hayapatani na mpango wa usimamizi wa mfumo wa ikolojia wa eneo lile. Sharti hilo lina mantiki pale ambapo mpango upo na wakazi wanaufahamu. Aliyeuziwa ploti kwa bango lililotaja lami, maji na umeme tu hakuambiwa kwamba anahamia jirani na kiboko.

Hapa suala la lugha linaingia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo sheria ya wanyamapori iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kigumu. Mchonga mawe wa Juja akiumwa na fisi ana haki iliyoandikwa katika lugha ambayo huenda haisomi. Wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana kazi ya wazi hapo: kuandaa istilahi zinazoeleweka, kutafsiri vifungu vya fidia na vya ukingo wa mto, na kuvifikisha barazani, kanisani, msikitini na redioni.

HOJA YA WANAOTAFUTA MAKAO

Lingekuwa kosa kumaliza mjadala bila kuwasikiliza wanaojenga. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Watu walioongezeka Ruiru hawakuja kwa anasa. Walikuja kwa sababu kodi ya Nairobi iliwashinda, au kwa sababu walitaka watoto wao wawe na kwao. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ploti aliyoilipia kwa miaka kumi ni njia ya fisi ni kumdhulumu, kwa kuwa alipaswa kuambiwa kabla ya kulipa.

Hivyo basi, ushindani uliopo si kati ya maskini na mnyama, kama inavyodaiwa mara nyingi. Mnunuzi na mnyama wote wawili ni waathiriwa wa uamuzi uliofanywa bila taarifa kamili. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kulinda bioanuwai na kumtaka kila mtu kushirikiana nayo. Haki hizo na ile ya makao ziliandikwa katika waraka mmoja ili zitekelezwe pamoja.

NJIA ILIYOPO NDANI YA SHERIA

Jambo la kutia moyo ni kwamba zana nyingi zinazohitajika zimo tayari katika sheria. Ya kwanza ni kamati ya kaunti iliyotajwa. Miongoni mwa wajumbe wake yumo ofisa wa mipango ya matumizi ya ardhi, na miongoni mwa kazi zake ni kuwakutanisha wadau katika kupanga miradi ya uhifadhi. Kamati hiyo ikiitishwa kabla ya shamba kubwa kugawanywa, badala ya baada ya mazishi, swali la mnyama litaulizwa kwa wakati.

Ya pili ni tathmini ya kimkakati ya mazingira, iliyoingizwa katika sheria ya mazingira kwa marekebisho ya mwaka 2015. Tathmini hii huchunguza mpango mzima wa eneo badala ya nyumba moja moja, na kwa hiyo inaweza kuona kile ambacho tathmini mia tano ndogo haziwezi kuona. Mipango ya matumizi ya ardhi inayotakiwa na sheria ya mwaka 2019 ingepaswa kuandaliwa kwa msingi huo, ikionyesha kingo za mito na njia za wanyama kama inavyoonyesha barabara.

Ya tatu ni mapatano na wenye ardhi. Kusini mwa Mbuga ya Nairobi, upande wa Kitengela, mpango ulioanzishwa mwaka 2000 uliwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe uzio wala kuigawa ardhi yao. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, na bei ya ardhi ilikizidi nguvu upesi. Hata hivyo kilithibitisha kanuni moja: njia ya mnyama ina thamani inayoweza kulipwa. Kwa ardhi ya Ruiru, iliyokwisha kuwa ghali mno kwa malipo ya namna hiyo, punguzo la kodi ya ardhi kwa anayeuacha ukingo wa mto wazi lingefaa zaidi.

Ya nne haihitaji hata karatasi nyingi: kufukia machimbo yaliyomalizika, kuzoa taka, na kuweka taa katika njia za wapita kwa miguu. Mambo hayo matatu hupunguza mashambulizi ya fisi bila kumuua hata mmoja.

HITIMISHO

Makala haya yameeleza kwamba sheria za wanyamapori za Kenya zimekuwa imara katika kumzuia anayemuua au kumuuza mnyama, na dhaifu katika kumlindia makao, kwa sababu makao hayo yanaamuliwa na ofisi nyingine na kwa kibali kingine. Yameonyesha kwamba Thika na Ruiru, zilizoongezeka watu kwa kasi kati ya mwaka 2009 na 2019, zimeufanya udhaifu huo uonekane katika machimbo ya Ndarugo, kwenye kingo za Athi na katika ploti za thumuni ya ekari.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta umejengwa sehemu nyingi, na hautabomolewa. Lakini mashariki mwa Thika, kuelekea Kilimambogo, yangaliko mashamba makubwa ambayo hayajagawanywa, na kingo za mito ambazo hazijajengwa. Huko ndiko ofisi ya kaunti na ile ya wanyamapori zinakoweza kuketi meza moja kabla ya ramani kupigwa muhuri, na huko ndiko mnunuzi anakoweza kuambiwa ukweli wote kabla ya kutoa fedha zake.